Desmodiamu katikati ya mahindi: kiduha hupigwa vita kwenye mizizi

Ukisubiri kiduha kichanue ndipo ukaking'oe, umechelewa. Gugu hili, ambalo wengi hulijua kwa jina la striga, hufanya uharibifu wake mkubwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Huko chini huwa limejishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele, linanyonya maji na chakula. Mbegu zake ni laini kama vumbi, shina moja hudondosha maelfu, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Jembe halizimalizi.

Mbegu hizo hazioti hovyo. Husubiri kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mizizi ya mahindi huzitoa ili kuwavuta fangasi wanaoisaidia kupata fosforasi. Mmea ukikosa fosforasi hutoa kemikali hizo kwa wingi zaidi, na ndiyo sababu shamba lililochoka huandamwa zaidi na kiduha. Kwa hiyo samadi na mbolea ni sehemu ya vita hivi.

Sasa desmodiamu. Ni mmea wa jamii ya mikunde, unatambaa na kuishi miaka mingi. Miaka ya 1990, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, waliipanda katikati ya mahindi ili kuwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, wakashangaa kuona kiduha nacho kinapungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazokizuia kijimzizi chake kisishike mzizi wa mahindi. Kiduha huota, hukosa pa kunyonya, hufa. Soya na pamba nazo huamsha mbegu hizo, lakini desmodiamu huamsha na kuzuia kwa pamoja, msimu baada ya msimu. Tena hurutubisha udongo kwa naitrojeni na ni malisho mazuri ya mifugo.

Wengi hushindwa mwanzoni kabisa. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo mno, haipendi mabonge. Lainisha udongo vizuri, mvua zikianza chora kifereji chembamba katikati ya mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75, changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga, kisha funika kwa udongo kidogo tu. Ukifukia kwa kina haitachomoza.

Baada ya hapo ni palizi, na hapa nasisitiza: desmodiamu changa haiwezi magugu. Palilia mapema, wiki ya tatu hivi, kisha rudia kabla magugu hayajaifunika. Vibarua waonyeshwe miche kwanza, maana huifyeka wakidhani ni gugu. Msimu wa kwanza usitegemee maajabu. Mmea bado unajenga mizizi. Ukivuna mahindi, usiilimie chini wala usiingize ng'ombe wakaikanyaga ikiwa bado changa. Msimu unaofuata chimba mistari ya mahindi pekee, na desmodiamu ikianza kupanda juu ya mahindi ikate uwape mifugo. Penye joto na mvua chache chagua ile ya majani ya kijani kote. Yenye mstari mweupe katikati ya jani haivumilii ukame kama hiyo.

Kwa magugu ya kawaida, mtama nao una silaha yake. Vinyweleo vya mizizi yake hutoa matone ya mafuta ya rangi ya njano, sorgoleoni, yanayovuruga uwezo wa miche ya magugu kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Magugu yenye mbegu ndogo ndiyo huumia zaidi. Yale yanayochipua kutoka kwenye vizizi vinene hayatishiki, hayo bado ni ya jembe. Ukitoka kuvuna mtama, usikimbilie kupanda mboga za mbegu ndogo mahali hapo, kwani nazo zinaweza kudumaa.

Kiduha kitakachochomoza licha ya yote hayo king'oe kabla hakijatoa maua, ukichome moto. Usikitupe kwenye lundo la mboji wala kwenye zizi, kwa sababu mbegu zitarudi shambani pamoja na samadi.