SOMO: Kuvua kwa fito kwenye mifereji ya Uingereza, kuanzia leseni hadi kuanika nyavu

Wakuu habari zenu. Inboksi yangu imejaa swali lile lile, "mkuu nimeona picha zako na mimi nataka kuanza, nianzie wapi", na nimeshajibu mpaka basi, sasa naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena namtumia linki. Nazungumzia England tu. Na samaki ninaowasema ni wa maji baridi wasio wa jamii ya trauti na salmoni, yaani rochi (yule wa rangi ya fedha mwenye mapezi mekundu), pachi mwenye mistari na miiba mgongoni, brimu bapa mwenye utelezi mwingi, na tenchi wa kijani. Mimi nafanya kazi kama nyie, kwa hiyo maandalizi nayagawa kwenye wiki na maji nayaona Jumamosi. Nitafuata siku.

JUMATATU, leseni. Inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali. Kuanzia miaka 13 lazima uwe nayo, wa 13 hadi 16 ni bure ila lazima aichukue. Faini inaweza kufika pauni 2,500.

JUMANNE, kibali. Leseni ni ya serikali lakini maji yana mwenyewe, hivi ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanakamatwa hapa. Mifereji mingi iko chini ya Canal & River Trust (shirika linalotunza mifereji) na vipande vingi wamevikodisha kwa klabu za wavuvi, tembea kando ya maji utaona kibao kinasema klabu gani, ukishajua jina unauliza tiketi ya siku. Mito yote inafungwa 15 Machi hadi 15 Juni. Mifereji mingi na mabwawa mengi hayafungwi, ila klabu yenyewe inaweza kuwa na utaratibu wake.

JUMATANO, vifaa. Usianze na rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), tafadhali. Nunua fito ya mita 4 au 5, ile ambayo mshipi unafungwa moja kwa moja kwenye ncha. Boya jembamba la nusu gramu au chini ya hapo, ndoano namba 18 au 20 zisizo na kijino, wavu wa kuopolea wenye mpini, kijiti cha kuchopolea ndoano, na chubwi dogo (usilisahau hili). Zile shanga za uzito za kubana kwenye mshipi hakikisha hazijatengenezwa kwa madini ya risasi, maana tangu 1987 zenye uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35 ni marufuku, mabata maji walikuwa wanazimeza na kufa kwa sumu.

ALHAMISI, funza, painti moja kutoka duka la wavuvi. IJUMAA, mkate mweupe wa supamaketi, toa ngozi, saga kwenye blenda mpaka uwe kama chenga za unga.

JUMAMOSI, KUPIMA KINA. Hapa naomba mtulie msome kwa makini kwa sababu hapa ndo penye samaki penyewe. Wanaokuja kulalamika kwamba wamekaa kutwa nzima hawajapata hata dagaa, tisa kati ya kumi nikiwauliza kina cha maji kilikuwa ngapi wananyamaza. Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili ya boti za mizigo, kwa hiyo katikati kuna njia ya boti yenye kina kikubwa zaidi, na kando kuna kina kifupi halafu mteremko. Boti zikipita zinavuruga matope na chakula kinaviringika kinakusanyika pale mteremko unapoishia, na samaki wanajua hivyo vizuri sana, wewe kazi yako ni kupajua pia. Kabla hujagusa chambo chomeka chubwi kwenye ndoano, lishushe taratibu mbele yako mshipi ukiwa wima kabisa, siyo kulitupa. Boya likizama lote maana yake ulichopima ni kifupi, lisogeze juu kuelekea ncha ya fito. Boya likijitokeza sana au likilala, umezidisha, lirudishe chini. Unataka ncha yake tu ichungulie juu ya maji. Ukishapata, pima tena nusu mita kushoto, nusu mita kulia, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka uuone mteremko kichwani kama umeuona kwa macho, kisha weka alama kwenye fito kwa kipande cha utepe.

Na tahadhari zake. Usipime wakati lango la maji la jirani linafunguliwa, maji yanaanza kutembea na kimo chake kinabadilika, subiri yatulie. Usipime sehemu moja ukaridhika. Usipime mshipi ukiwa mshazari kwa sababu utapata kina cha uongo na chambo kitalala kwenye matope au kitaning'inia juu ambako brimu hana habari nacho. Na kubwa kuliko yote, ANGALIA JUU. Fito nyingi ni za kaboni na kaboni inapitisha umeme, kukiwa na nyaya za umeme ondoka, kaa mbali mita 30 au zaidi, hata kama kibao hakuna na hata kama kuna mtu mwingine kakaa pale pale. Fito haihitaji kugusa waya, kusogelea tu kunatosha kuua.

Kulisha ni kidogo kidogo. Kimpira kimoja cha mkate uliosagwa, cha ukubwa wa kokwa ya embe dogo, pale pale ulipopima, halafu funza watano sita kila baada ya dakika chache.

Samaki akishika, inua kwa upole, mlete kwenye wavu. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga na magonjwa. Chopoa ndoano, mrudishe kwa kumshusha ndani ya maji, siyo kumrusha.

JUMAPILI, osha nyavu na zianike juani au penye upepo mpaka zikauke kabisa, unaweza kubeba ugonjwa au mimea vamizi kutoka maji haya hadi yale. Na ukitoka majini nawa mikono kwa sabuni kabla hujala, vidonda funika plasta, mkojo wa panya ulioingia majini unaleta leptospirosi.

Karibuni maswali.

Mtu_wa_Pwani: Mkuu leseni bei gani?

Mwandishi: Tovuti ya serikali. Inabadilika, ndo maana sijaandika.

Kijana wa Coventry: Bro sijasoma yote ni ndefu, ila nauliza hao samaki naweza kuondoka nao nikakaange? Tumekulia Mwanza bwana, samaki wa kumrudisha ndo nini

Mwandishi: Kwenye mifereji na mabwawa ya klabu jibu ni hapana, na kuchukua bila ruhusa ya mwenye maji ni wizi. Mito sheria inaruhusu kidogo sana, wadogo wasiozidi sentimita 20 mpaka 15 kwa siku, tena kama mwenye maji naye ameruhusu. Sato wapo dukani. Na soma yote.

Kijana wa Coventry: Sasa mbona mkali, si nimeuliza tu

Mwandishi: Siyo ukali mdogo wangu. Mtu mmoja akibeba ndoo ya samaki, klabu inafunga mlango kwa wote wanaofanana naye, na mimi nimetumia muda mwingi kujenga uaminifu na hawa wazee wa klabu. Njoo uvue, furaha ipo, utaona.

Mama Zuhura: Shikamoo kaka. Nilienda na mwanangu wa miaka 11 tukafuata ulivyotuelekeza mwaka jana. Kuna kitu hatukukielewa, mara nyingine boya halizami, linapanda juu linalala kabisa, mwanangu anasema ni samaki mimi nasema ni upepo. Nani yuko sahihi?

Mwandishi: Marahaba dada, mwanao yuko sahihi kabisa, mpe hongera! Shanga ya mwisho ya uzito ikiwa imelala chini, samaki kama brimu au tenchi anainamisha kichwa, anakula, halafu anajiinua na chambo mdomoni, kwa hiyo anaubeba ule uzito. Boya lililokuwa linavutwa chini na uzito huo linakosa wa kulivuta, linapanda. Akiona hivyo ainue fito saa hiyo hiyo, asisubiri lizame. Na kama anataka kuliona boya likipanda vizuri zaidi, asogeze shanga ya mwisho iwe sentimita 5 kutoka kwenye ndoano na iguse chini. Kwa miaka 11 hahitaji leseni, wewe ukishika fito ndo unaihitaji.

Mama Zuhura: Ameruka ruka hapa. Asante sana.

Fundi_Rili: Funza nawaweka wapi? Mke wangu kakataa wasiingie kwenye friji.

Mwandishi: Ana haki. Tafuta friji ndogo ya mitumba uweke gereji, au boksi lenye barafu kivulini. Wachekeche uondoe waliokufa, halafu wanyunyizie unga wa sembe, wanakauka na harufu inapungua. Wakianza kugeuka makoko ya kahawia usitupe, rochi wakubwa wanayapenda makoko kuliko funza wenyewe, tenga yale yanayozama, yanayoelea yaache.

Mzee wa Glasgow: Huku kwetu leseni ya fito vipi?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Scotland kwa samaki hawa leseni ya serikali hakuna, ila kibali cha mwenye maji lazima.

Kijana wa Coventry: Haya nimesoma yote sasa. Nyumbani tulikuwa tunatumia ugali kwenye ndoano, huku unafaa?

Mwandishi: Sasa hilo ndo swali. Unafaa sana, brimu na tenchi wanaupenda. Songa mgumu, ukipoa ukande na asali kidogo mpaka usishikane na vidole, tengeneza donge kama punje ya mahindi. Ila badilisha ndoano, weka namba 12 ambayo ni kubwa zaidi, maana 18 itamezwa na donge na ncha haitatoka nje kumshika samaki. Na usivute fito kwa nguvu kutupa, ushushe kama ulivyoshusha chubwi, la sivyo ugali unabaki hewani.

Kijana wa Coventry: Jumamosi unakuwa wapi nije?

Mwandishi: Nitumie meseji. Leseni kwanza.