Mkono au mguu ukifa ganzi: jinsi ya kutambua neva iliyobanwa

Kabla ya kwenda kemisti kununua chochote, tafuta kalamu ya wino na kipande cha tishu. Anza kugusa ngozi mahali unapohisi vizuri, sogea polepole kuelekea penye ganzi, na uweke alama pale hisia inapobadilika. Zunguka eneo lote hivyo mpaka mchoro ukamilike, kisha upige picha kwa simu. Daktari atafaidika na picha hiyo kuliko kuambiwa "mkono wote unakufa ganzi", kwani kila neva, yaani mshipa wa fahamu, ina eneo lake la ngozi na misuli yake. Mpaka wa ganzi ndio unaoitaja neva yenyewe.

Neva hubanwa inapopita kwenye njia nyembamba, au inapopanda juu ya mfupa bila nyama ya kuikinga. Mgandamizo mfupi huizuilia damu tu, ndiyo maana ganzi huisha ukibadili mkao. Ukidumu, ala inayozifunika nyuzi za neva huchakaa. Mwishowe nyuzi zenyewe hufa na msuli unaanza kukonda. Nyuzi huota tena kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kiwiko hadi kwenye misuli ya kiganja ni kama sentimita 30, kwa hiyo jeraha baya la kiwikoni linaweza kuhitaji miezi 10 kupona, na msuli uliokonda kabisa huenda usirudi. Ganzi inayokuja na kwenda inakupa nafasi ya kujaribu hatua za nyumbani. Udhaifu haukupi nafasi hiyo.

Vidole: swali ni kidole cha pete

Gusa kidole cha pete upande wa gumba, halafu upande wa kidole cha mwisho. Ikiwa upande mmoja una ganzi na mwingine ni mzima, karibu una uhakika kwamba tatizo liko kwenye neva ya mkononi, si shingoni.

Ganzi ya gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ni ya neva ya kati, inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Humwamsha mtu usiku wa manane akaukung'uta mkono ndipo apate nafuu. Huwapata sana wanaokamata na kukamua kwa nguvu: mama fua, vinyozi, mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaogonga mabati kutwa. Wajawazito nao huipata miezi ya mwisho kwa sababu ya uvimbe, na wengi hupona baada ya kujifungua.

Ipime hivi. Kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, na utulie kwa sekunde 60. Andika ganzi ilianza sekunde ya ngapi na kwenye kidole gani. Maumivu ya kifundo pekee hayahesabiki; kinachohesabika ni ganzi au mchomo kwenye vidole hivyo. Kisha weka mkono mezani, kiganja juu, inua gumba wima kuelekea dari na mwenzako alisukume chini. Linganisha na mkono wa pili. Angalia pia nyama iliyo chini ya gumba: ikiwa imebonyea, usisubiri. Ngozi ya hapo kwa kawaida hubaki na hisia, kwa kuwa tawi lake halipiti ndani ya njia ya kifundo. Ikiwa nayo imekufa ganzi, neva inabanwa juu zaidi. Na kipimo kisipoonyesha kitu, hilo halimaanishi huna tatizo. Wagonjwa wengi wa kweli hukipita.

Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni vya neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile inayopiga kama umeme ukijigonga. Huchokozwa na kulala kiwiko kikiwa kimekunjwa, kuongea na simu muda mrefu, au kuegemea dirisha la matatu kutoka Rongai hadi mjini kila siku. Kunja kiwiko kabisa, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa dakika 1 hadi 3, uone kama ganzi inakuja kwenye vidole hivyo. Halafu bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mtu aivute. Gumba likijikunja kwenye kiungo cha ncha ili kuing'ang'ania, msuli umedhoofika na gumba linaazima nguvu kwingine. Gusa pia mgongo wa mkono upande wa kidole cha mwisho: ukiwa na ganzi, chanzo kiko kiwikoni au juu yake, ukiwa mzima, shuku kifundo, hasa kwa waendesha baiskeli wanaolalia usukani.

Mkono unaolegea kwenye kifundo baada ya kuulalia, au kwa sababu ya magongo yanayobana kwapa, ni wa neva ya tatu. Ganzi yake huwa mgongoni mwa mkono, kati ya gumba na shahada. Lakini udhaifu wowote wa ghafla upeleke hospitali mara moja, kwa maana kiharusi nacho huanza hivyo.

Mguu unaoburuta

Papasa nje ya mguu chini kidogo ya goti. Utakuta nundu ya mfupa. Neva inaizunguka hapo chini, imefunikwa na ngozi tu. Kuchuchumaa kwa saa nyingi ukipanga vigae au kupalilia, kukunja nne, kupungua uzito haraka na plasta ya kufungia mfupa iliyobana vyote huiumiza. Slipa hukwama, ncha ya kiatu huchakaa. Tembea kwa visigino hatua 10: wayo mmoja ukishindwa kuinuka, elekeza vidole chini na ugeuze wayo ndani huku mwenzako akiuzuia. Ukiwa na nguvu, tatizo liko gotini. Ukiwa dhaifu, na mgongo unauma, fikiria kiuno. Mwenye plasta akifa ganzi vidole au maumivu yakizidi, arudi siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Ganzi ya nje ya paja bila udhaifu wowote mara nyingi ni mshipi au suruali ya kubana. Legeza. Unyayo wa mguu mmoja unaoungua usiku huweza kutokana na neva iliyobanwa nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani.

Miguu yote miwili ikifa ganzi kuanzia vidoleni kama soksi, hiyo si kubanwa: pima sukari, taja pombe, VVU na dawa za TB. Baka la ngozi lisilohisi pamoja na neva nene kiwikoni ni dalili za ukoma. Ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo kugoma, au udhaifu unaopanda miguu yote miwili ni dharura ya leo hii.

Kwa kifundo cha mkono, vaa kishikizo chenye chuma usiku kwa wiki 6. Vingi vya dukani huupinda mkono nyuma. Chomoa chuma, kinyooshe, urudishe. Kwa kiwiko, zungushia taulo usiweze kukikunja usingizini. Usijitibu kwa vitamini B6 ya dozi kubwa: ikitumika muda mrefu, yenyewe huharibu neva. Kukiwa na udhaifu, nenda kituo cha afya na picha yako, uombe barua ya rufaa kwa kipimo cha umeme wa neva na misuli. Kwa jeraha la ghafla, sehemu ya kipimo hicho inayotumia sindano msulini ikifanywa kabla ya wiki 3 inaweza isionyeshe bado dalili za nyuzi zilizokufa, basi uliza ikiwa itarudiwa.