Somo: Kauli za "ikiwa… basi…" katika jiometri

Fundi anayepanga msingi wa nyumba pale Gungu, mjini Kigoma, hupima kuanzia kona mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye kamba ya pili, kisha hupima umbali kati ya alama hizo mbili. Akipata mita 5, huridhika kwamba kona yake ni pembe mraba, yaani ya nyuzi 90. Husemwa kwamba ametumia kanuni ya Pythagoras, lakini kwa hakika ametumia kauli nyingine, ambayo huhitaji uthibitisho wake yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha sharti na hitimisho. Kanuni ya Pythagoras husema: ikiwa pembetatu ina pembe mraba, basi kipeo cha pili cha upande mrefu (urefu ukizidishwa kwa wenyewe) ni sawa na jumla ya vipeo vya pili vya pande mbili zilizobaki. Sharti ni pembe mraba, na hitimisho ni usawa wa vipeo. Fundi wetu anajua vipimo na anatafuta pembe, yaani anaanzia kwenye hitimisho.

Hatua ya pili ni kuigeuza na kuikanusha kauli. Chukua hii: "Ikiwa uko Ujiji, basi uko Mkoa wa Kigoma." Ukiigeuza, unapata "Ikiwa uko Mkoa wa Kigoma, basi uko Ujiji," ambayo si kweli, kwa kuwa aliyeko Kasulu, mji mwingine wa mkoa huohuo, anatosha kuivunja. Ukiikanusha pande zote bila kuigeuza, "Ikiwa hauko Ujiji, basi hauko Mkoa wa Kigoma," mtu yuleyule wa Kasulu anaivunja tena. Ukiigeuza na kuikanusha kwa pamoja, "Ikiwa hauko Mkoa wa Kigoma, basi hauko Ujiji," unapata kauli ambayo daima hukubaliana na ile ya mwanzo.

Hatua ya tatu, ambayo wanafunzi wengi huiruka, ni kuithibitisha kauli iliyogeuzwa. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alizipa kauli hizi nafasi mbili tofauti katika kitabu cha kwanza cha Elements, maandishi yake ya jiometri, ya 47 kwa kanuni yenyewe na ya 48 kwa kauli iliyogeuzwa. Hoja yake ni nzuri mno. Tuseme pembetatu ya fundi ina pande za 3, 4 na 5, na hatujui pembe yake. Chora pembetatu ya pili yenye pembe mraba kati ya pande za 3 na 4. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wake wa tatu ni 5. Sasa pembetatu hizo mbili zina pande tatu zinazolingana, kwa hiyo ni sawa kabisa, na kona ya fundi ni pembe mraba.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nikipima nikapata mita 5.1 nikasema kona imekosea, nimetumia kauli ipi?

Jibu: Marahaba. Hapo umetumia kanuni ya Pythagoras iliyogeuzwa na kukanushwa: vipeo havilingani, basi pembe si mraba. Kona hiyo imepanuka hadi kuzidi kidogo nyuzi 92, kwa hiyo sogeza kigingi ndani.

Swali: Je, mishazari miwili ya msingi, yaani mistari ya kutoka kona hadi kona inayoikabili, ikilingana, inatosha kusema kwamba msingi ni mstatili?

Jibu: Haitoshi. Mstatili una mishazari inayolingana, lakini kauli hiyo ikigeuzwa si kweli. Msingi wenye mita 10 mbele na mita 8 nyuma, kuta hizo mbili zikiwa sambamba na kuta za pembeni zikilingana urefu bila kuwa sambamba, nao una mishazari inayolingana. Hakikisha kwanza kwamba kila ukuta unalingana na ule unaoukabili. Hapo ndipo mishazari ikilingana utakuwa na uhakika wa mstatili.

Swali: Kwa nini kauli iliyogeuzwa na ile iliyokanushwa tu zilianguka pamoja kwa mtu wa Kasulu?

Jibu: Kwa sababu iliyokanushwa ni ile iliyogeuzwa, ikageuzwa tena na kukanushwa. Ukithibitisha mojawapo, nyingine haihitaji kazi tena.