Namna ya kurekodi simulizi za walioshuhudia msiba wa taifa

Mtu aliyekuwa na miaka 20 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Aprili 12, 1984, leo ameshavuka 60. Kwa misiba ya karibuni zaidi mashahidi bado tunao mitaani Dar: kuzama kwa meli ya MV Bukoba (Mei 21, 1996), bomu la ubalozi wa Marekani (Agosti 7, 1998), kifo cha Mwalimu Nyerere (Oktoba 14, 1999), mabomu ya Mbagala (Aprili 29, 2009) na ya Gongo la Mboto (Februari 16, 2011). Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kumrekodi bibi yake, jirani au mzee wa mtaa kwa simu ya kawaida, kazi ikatoka safi.

Idadi ya waliokufa, hotuba na ripoti za tume utazipata magazetini na kwenye nyaraka. Kwa mzee unafuata alichokiona kwa macho yake, alichokisikia na alichokifanya siku ile, tangu alipoamka mpaka alipolala, kama alilala.

Soma kwanza, kisha kapige hodi

Pitia magazeti ya juma lile kabla hujaenda. Anzia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Andika nusu ukurasa tu: siku ya juma, saa, mahali, na kilichotokea kabla na baada. Bomu la ubalozi, kwa mfano, lililipuka Oysterbay siku ya Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi imeshapita, na kesho yake ilikuwa Nane Nane. Mwili wa Mwalimu ulifika Dar kutoka London Oktoba 18, ukaagwa Uwanja wa Taifa, na maziko yakafanyika Butiama Oktoba 23.

Nusu ukurasa huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mzee kujipanga: ukimuuliza "mwaka gani?" atababaika, ukimuuliza "ilikuwa kabla au baada ya Nane Nane?" atajibu papo hapo. Ya pili ni kukuonyesha kumbukumbu zilipochanganyika. Mabomu ya Mbagala na ya Gongo la Mboto yanachanganywa sana, na si ajabu: yote yalilipuka siku ya Jumatano, yote kwenye maghala ya silaha ya jeshi (JWTZ), yote watu walikimbia na watoto mgongoni. Swali moja linayatenganisha: "Kulikuwa mchana, au giza limeshaingia?" Ya Mbagala yalianza kabla ya adhuhuri. Ya Gongo la Mboto yalianza usiku, na maelfu ya watu wakaenda kulala Uwanja wa Uhuru.

Mfano mwingine: mzee akikwambia aliona habari za kifo cha Sokoine kwenye televisheni sebuleni kwake Magomeni siku ileile, huenda picha hiyo ameipata baadaye. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mwaka 1984 habari ilikuja kwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Usimsahihishe. Muulize redio ilikuwa ya nani, imewekwa wapi, na nani walikuwa wamekaa karibu yake. Mara nyingi kumbukumbu yake halisi itakuja yenyewe.

Ziara ya kwanza usirekodi kabisa. Shikamoo, habari za nyumbani, eleza umetumwa na nani au umejituma mwenyewe, unataka nini na sauti itakwenda wapi. Usiende mikono mitupu, kilo ya sukari au mkate inatosha, lakini usilipie simulizi. Ukishaweka bei, wengine watakusimulia mambo makubwa kuliko waliyoyaona ili usione umepunjwa.

Ridhaa

Iombe mara mbili: mwanzoni, na tena mwishoni, kwa sababu mzee anajua alichokisema baada ya kukisema. Mpe ngazi tatu za kuchagua: isikilizwe na familia tu, ihifadhiwe na watafiti waweze kuisikiliza, au iwekwe mtandaoni. Muulize pia kama jina lake litumike. Kama hasomi, ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa inatosha, ila awepo mtu wake wa karibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo karatasi fupi yenye sahihi au dole gumba si urasimu wa bure. Na majina ya watu wengine anaowataja, hasa marehemu wa jirani au mtu anayemtuhumu, hayaingii kwenye ridhaa yake. Hayo utayafunika kwenye nakala ya hadharani.

Sauti

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Programu ya kurekodi inayokuja na simu mara nyingi inabana sauti ili isile nafasi. Ingia kwenye mipangilio uchague WAV, 48 kHz, biti 16, mono. Saa moja itakula takriban MB 345, kwa hiyo hakikisha una GB 2 tupu. Kama simu haina WAV, chagua ubora wa juu kabisa ulioandikwa pale.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati inabadilisha kila kitu. Ibane kifuani, chini ya kidevu kwa kiasi cha upana wa kiganja. Kwa bibi aliyejitanda kanga au mtandio, usiifiche ndani ya nguo: kitambaa kikisugua kinatoa mkwaruzo ambao hakuna programu itakayouondoa. Ibane juu ya nguo, na waya uushikize mara ya pili chini kidogo ili usivutwe. Kama simu mpya haina tundu la duara, utahitaji adapta ya Type-C. Ijaribu nyumbani, maana baadhi zinapitisha muziki tu na hazipokei maikrofoni. Huna maikrofoni kabisa? Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 kutoka mdomoni kwake. Usiiweke juu ya meza tupu. Kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama mlango unagongwa.

Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Simu ikipigwa katikati, programu nyingi zinasimama kurekodi bila kukuambia, na utagundua ukifika nyumbani. Zima pangaboi na friji. Ufunguo wa gari uweke juu ya friji hiyo uliyoizima, hutaondoka umeisahau. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na nguo. Sebule yenye vigae na bati tupu inatoa mwangwi. Muda mzuri ni kama saa tatu hadi tano asubuhi, watoto wako shule na adhuhuri haijafika. Adhana ikianza, simamisha mazungumzo kwa heshima, acha mashine iendelee, kisha rudia swali la mwisho.

Rekodi sekunde 30 za majaribio, uzisikilize kwa hedifoni. Vilele vya sauti vikae kati ya -12 na -6 dB. Vikigonga 0 sauti inapasuka na haitengenezeki. Halafu taja kwa sauti tarehe, mtaa, nani anahoji na msiba gani unazungumziwa. Hii itakuokoa siku jina la faili litakapopotea.

Maswali

Usianze na tukio lenyewe. Anza na asubuhi: "Siku ile ulipoamka, ulianza na kazi gani?" Anayekumbuka alikuwa anakaanga maandazi au anasubiri daladala atakupeleka mwenyewe mpaka kwenye kishindo. Ukianza na "Tueleze kuhusu mabomu," utapewa maelezo yaleyale yanayosimuliwa barazani kila mwaka, yameshalainika kwa kurudiwa.

Maswali yanayozaa ni ya mwili na mahali. Sauti ya kwanza ilitoka upande gani? Mlishika nini mkononi mkitoka? Nani alikuwa na watoto? Mlipita njia gani, na nani aliwafungulia mlango? Kwa MV Bukoba, wengi wa Dar hawakuwa ziwani. Walikuwa wanatafuta habari za ndugu. Waulize walivyotafuta: nani alikuwa na simu ya mezani, majina waliyasikia wapi, nani alisafiri kwenda Mwanza na kwa usafiri gani. Swali la "ulijisikiaje?" liache. Jibu lake ni "vibaya sana" kila mara, na hisia zenyewe utazisikia akikueleza alivyorudi kukifungua chumba.

Tofautisha alichokiona na alichoambiwa, bila kumfanya ajione yuko polisi. "Hilo ulikuwepo, au ulisimuliwa baadaye?" ikiulizwa kwa sauti ya upole haimuudhi mtu. Vyote viwili vina thamani, ila vikae kila kimoja mahali pake.

Mashine haioni mkono. Mzee wa Mbagala akisema "tukakimbilia huku, wengine wakaenda kule," sema kwa sauti: "Huku, upande wa Rangi Tatu?" Njia bora ni kumpa karatasi kubwa, hata nyuma ya kalenda ya zamani, na kalamu ya wino mzito, achore: nyumba yake, Zakhem, Barabara ya Kilwa, alikopotezana na watoto. Akichora, mwombe ataje kila sehemu. Mkono ukitembea ulimi unafunguka, na majina ya watu ambayo hakuyataja kwa saa nzima yanakuja hapo. Ukitaka picha za eneo lenyewe, usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi wala uzio wake.

Tatizo moja ni letu hasa. Mswahili akisimuliwa jambo hukaa akiitikia: "Eee… mmh… kumbe!… pole." Kwenye rekodi viitikio hivyo vinafunika maneno ya msimuliaji, na ukinyamaza bila kumwandaa ataona humsikilizi. Mwambie kabla: "Mama, nitakuwa natikisa kichwa tu, ili sauti yangu isiingie kwenye yako." Pole itoe mara moja, akishamaliza sentensi.

Akilia, usizime mashine haraka haraka kama uliyekamatwa, na usimbembeleze aendelee. Kaa kimya, msogezee maji, kisha muulize kama mpumzike au muishie hapo. Baadhi hutaka kuendelea. Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa siku, na usimrekodi usiku: ukishaondoka, yeye anabaki na hayo kitandani. Dakika kumi za mwisho zivute kwenye maisha ya baadaye: nyumba ilijengwa upya vipi, mtoto aliyepotea leo anafanya nini. Kisha zima, kunywa chai, kaeni. Kesho yake mpigie simu kumjulia hali.

Baada ya hapo

Siku hiyohiyo hamisha faili. Lipe jina lenye tarehe, mtaa na namba badala ya jina la mtu: 2025-03-12_Kizuiani_M01.wav. Orodha inayoonyesha M01 ni nani ikae kwenye daftari lako, mbali na faili. Usilitume kama sauti ya WhatsApp, litabanwa; kama huna njia nyingine, litume kama dokumenti.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni. Kama unakaa bondeni, ile ya nje iwe kwa ndugu aliye juu, maana Mto Msimbazi ukifurika hauchagui. Flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 512 zinadanganya: zinapokea faili, ukifungua ni tupu. Ijaze yote kwa faili za majaribio na uzifungue kabla ya kuiamini. Picha na vyeti vya mzee visiondoke kwake. Vipige karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, mbele na nyuma.

Kuandika saa moja ya sauti kunachukua saa tano au sita kwa asiye mchapaji. Andika Kiswahili chake kama kilivyotoka, na maneno yake ya Kizaramo au Kindengereko yakiwemo. Weka alama ya muda kila dakika mbili au tatu, na mabano kwa yasiyosikika: [haisikiki 00:31:12]. Akisema "TBC" akizungumzia 1984, acha neno lake na uweke [RTD] pembeni. Saa nazo ziache kwa Kiswahili: "saa nne asubuhi" ibaki hivyo, kwani wanaogeuza kuwa 4:00 wamewahi kuhamisha tukio zima kwa saa sita. Programu zinazoandika sauti zenyewe zinasaidia, lakini majina ya mitaa na ya watu zinayakosea sana. Pitia kila jina kwa sikio.

Mwisho rudi na karatasi ukamsomee mzee yote kwa sauti, au mjukuu wake amsomee. Anachotaka kitolewe kinatolewa, hata kama ndicho kilichokupendeza kuliko vyote. Muachie nakala ya MP3 kwenye kadi ya kumbukumbu inayoingia kwenye simu au redio yake. Kwa ubora wa kbps 128, saa moja ni kama MB 58 tu.