Kupima Dawa za Mimea Dhidi ya Seli za Saratani: Visima Visivyo na Seli Visisahaulike

Ukipewa gome na mganga wa Marangu akakuhakikishia kwamba linayeyusha uvimbe, usikimbilie seli. Anza na jina la mti. Chukua tawi lenye majani, pamoja na ua au tunda kama ni msimu wake, ulikaushe katikati ya magazeti na ulipeleke hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, jijini Arusha litambuliwe na kupewa namba, kwa kuwa matokeo yasiyo na namba hiyo hayatamfaa mtafiti mwingine. Ikiwa ni Prunus africana, ambao Wachagga huuita mkonde-konde, bandua kipande kidogo upande mmoja tu wa shina, maana mti uliochunwa gome kuuzunguka wote huweza kufa.

Kausha gome kivulini, lisage, loweka unga katika ethanoli kwa siku mbili au tatu, chuja, kisha vukiza ethanoli kwa joto la chini hadi ibaki nta nzito. Iyeyushe nta hiyo katika DMSO, kiyeyusho cha maabara. DMSO yenyewe ikizidi huua seli, kwa hiyo zimua hadi isivuke asilimia 0.5 ndani ya kisima, yaani kila kishimo cha sahani ya kupandia seli, na visima vya kulinganishia vipewe kiasi kilekile cha DMSO bila dawa.

Seli, kwa mfano HeLa zilizotoka katika saratani ya shingo ya kizazi ya Mmarekani Henrietta Lacks mwaka 1951, hupandwa katika sahani ya visima 96, takriban 5,000 kwa kila kisima, na kuachwa saa 24 zishike chini ndani ya inkubeta, kabati la kutunzia seli, yenye nyuzijoto 37 na asilimia 5 ya kabonidayoksaidi. Visima vya pembezoni hukauka upesi kuliko vya katikati. Vijaze maji yaliyotakaswa, usivipande seli. Weka dawa kwa viwango vinavyopungua nusu kwa nusu kuanzia mikrogramu 200 kwa mililita, kila kiwango visima vitatu, usubiri saa 48 au 72. Umeme ukikatika usiku, soma kipimajoto asubuhi kabla ya kuisifu dawa kwa vifo vilivyoletwa na baridi.

Kisha huja MTT, kemikali ya manjano inayopima uhai wa seli. Seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau, zinazoonekana chini ya hadubini kama sindano nyembamba zilizochomoza kutoka ndani ya seli. Baada ya saa tatu au nne mwaga maji ya juu, yeyusha fuwele kwa DMSO na usome rangi katika nanomita 570: zambarau ikikolea, seli nyingi zimebaki hai.

Hapa ndipo nilipoteleza. Nilipoanza kazi hii nilikuwa tayari kuandika kwamba gome fulani haliui seli hata moja, kwa sababu kadiri dawa ilivyoongezeka ndivyo zambarau ilivyokolea. Fundi wa maabara akaniuliza kama niliweka visima vyenye dawa na MTT bila seli. Sikuwa nimeviweka. Tulipoviweka vikageuka zambarau vilevile, kwani tanini na polifenoli, kemikali za asili za magome, zinaweza kuibadilisha MTT zenyewe, bila msaada wa seli yoyote. Kwa hiyo osha seli kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa kabla ya kutia MTT, toa usomaji wa visima visivyo na seli katika hesabu, na ikiwezekana rudia kwa sulforodamini B, ambayo hupima protini za seli.

Weka pia, katika visima vingine vyenye seli, doksorubisini, dawa inayojulikana kuua seli za saratani. Ikishindwa kuua, sahani nzima itupwe. Rudia jaribio siku tatu tofauti ndipo ukokotoe IC50, yaani kiwango kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu. Kwa dawa ghafi, watafiti wengi huona matumaini ikiwa chini ya mikrogramu 20 kwa mililita, lakini ipime pia kwa seli zisizo za saratani, kama Vero za figo la tumbili. Ikiziua kwa kiwango kilekile, andika kwamba ni sumu.

Nakala ya matokeo irudishwe Marangu kwa mganga aliyekuonyesha mti, naye aelezwe wazi kwamba zilizojaribiwa ni seli ndani ya sahani, na kwamba hakuna mgonjwa aliyepewa dawa hiyo.