Bodrum: anza na shimo, kisha panda ngomeni

Wageni wengi wakifika Bodrum, mji wa pwani ya Uturuki, hukimbilia ngome, maana inaonekana kutoka kila pembe ya bandari. Wakitoka humo jua ni kali, miguu imechoka, na kaburi la Mausolus, mtawala wa kale wa hapa, hulipitia kwa dakika kumi na kuondoka wakisema hakuna cha kuona. Kosa ni mpangilio. Sehemu kubwa ya ngome hiyo imejengwa kwa mawe ya kaburi, kwa hiyo kaburi litangulie. Ukishayajua mawe yake, utayatambua ukutani bila kuonyeshwa na mtu.

Uwanja wa ndege wa Milas-Bodrum uko kilomita 35 hivi kutoka mjini. Nje ya jengo la abiria kuna mabasi yanayosubiri ndege zinazotua, nayo ni nafuu kuliko teksi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, chukua Septemba: bahari bado ina joto la kiangazi na umati umepungua. Mei ni mzuri kwa kutembea, ila maji bado ni baridi. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, vyumba hupanda bei, na Waturuki kutoka miji mikubwa hujaa kwa likizo zao.

Alasiri ya kwanza: kaburi na ukumbi wa michezo

Fuata vibao vyenye neno Mausoleion. Kutoka bandarini ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Mausolus alitawala eneo la Karia kutoka mji huu, uliokuwa ukiitwa Halicarnassus, na alifariki mwaka 353 KK. Artemisia, aliyekuwa dada yake na pia mke wake, ndiye anayetajwa kuusimamia ujenzi baada ya hapo. Jengo lilifika karibu mita 45 kwenda juu, likahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, na jina la mfalme huyo ndilo lililowapa Wazungu neno la kaburi kubwa la fahari.

Leo limebaki shimo la msingi na vipande vya nguzo. Usikate tamaa. Shuka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, tafuta jiwe kubwa lililoziba mlango wa chumba cha maiti, na hapo karibu ndipo ilipochimbuliwa mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliotolewa sadaka siku ya maziko. Kisha ingia kwenye banda la maonyesho utazame mfano mdogo wa jengo zima. Bila huo mfano shimo halisemi kitu. Michongo iliyo hapo ni nakala, kwa sababu Mwingereza Charles Newton alichimba mwaka 1857 na kupeleka sanamu London, ambako ziko mpaka sasa. Kabla ya kutoka, kariri rangi mbili: jiwe la volkano la kijani lililojaza kiini cha jengo, na marumaru nyeupe iliyolivika kwa nje. Dakika 45 zinatosha.

Panda mlima kuelekea ukumbi wa michezo wa kale, ulio juu ya barabara kuu. Magari huko huenda kasi, hivyo vukia kwenye taa. Kaa ngazi za juu saa moja kabla ya jua kuzama: ngome na ghuba zote mbili ziko mbele yako, na mwanga unaziangukia kwa ubavu. Hakuna mahali pazuri zaidi mjini pa kupigia picha, pamoja na kwamba wengi hupigia gatini.

Jambo linalowakwamisha watu: kwenye makumbusho ya Uturuki dirisha la tiketi, lenye maandishi *gişe*, hufungwa kabla ya lango lenyewe. Saa hubadilika kati ya kiangazi na baridi. Uliza hotelini siku ile ile, usitegemee kitabu cha zamani.

Asubuhi ya pili: ngome

Fika lango likifunguliwa, na tenga saa tatu. Vaa viatu vya mpira visivyoteleza, kwani mawe ya njia yamesuguliwa na nyayo kwa karne sita. Watawa-askari wa Mtakatifu Yohane waliokuwa na makao kisiwani Rhodes walianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1400. Walipohitaji kuimarisha kuta dhidi ya mizinga ya Waosmani, dola ya Waturuki wa wakati huo, walibomoa mabaki ya kaburi lililokwisha kuangushwa na matetemeko, na marumaru nyingine wakaichoma kupata chokaa. Haikuwasaidia sana: Rhodes ilianguka, na ngome ikakabidhiwa Waosmani mwanzoni mwa 1523.

Unapopita malango saba, angalia kuta. Kile kijani cha jana kiko kila mahali, na katikati yake marumaru zenye nembo za makamanda. Anza na minara wakati hewa ingali baridi: Mnara wa Waingereza wenye simba aliyechongwa ukutani, wa Wafaransa ulio juu kabisa, na wa Nyoka. Vyumba vya maonyesho viache kwa saa za jua kali. Vikundi vya watalii hufanya kinyume, na ndiyo maana hukutwa na jua la saa sita juu ya minara.

Humo ndani ndimo lilimo Jumba la Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji. Ukiwa na muda wa ukumbi mmoja tu, uwe ule wa meli ya Uluburun. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aliona karibu na mji wa Kaş, pwani ya kusini ya Uturuki, kitu alichokieleza kama biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa pande za shaba kutoka meli iliyozama karne ya 14 KK. Wazamiaji walifanya kazi humo kuanzia 1984 hadi 1994, kwenye kina cha mita 44 na zaidi. Meli ilibeba takriban tani 10 za shaba na tani moja ya bati, yaani kipimo kile kile cha kuyeyusha bronzi, mchanganyiko wa metali hizo mbili. Tazama pia pande za kioo cha buluu, na muhuri mdogo wa dhahabu wenye jina la malkia Nefertiti wa Misri. Ni mdogo mno, watu huupita.

Baharini

Mashua za siku nzima huondoka gatini kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kurudi jioni, zikisimama kwenye ghuba za kuogelea na mara nyingi kwenye kisiwa cha Kara Ada. Chakula cha mchana huwa ndani ya bei, lakini vinywaji sivyo. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia mashua huchukua watu wangapi. Upepo wa kiangazi uitwao *meltem* huongezeka mchana, kwa hiyo safari ya kurudi huyumba. Mwenye kichefuchefu ameze dawa kabla ya kupanda.

Fukwe za mjini ni finyu. Bitez, ghuba ya jirani, ina maji mafupi yanayofaa watoto. Ukiona bango *halk plajı*, huo ni ufuo wa umma; penye vitanda na miavuli utatozwa.

Kwa mabaki ya kale na chakula pamoja, chukua *dolmuş*, ndiyo daladala ya huko, hadi Gümüşlük, mji wa kale wa Myndos. Kuta zake zimezama, na maji kati ya ufuo na kisiwa kidogo cha Tavşan Adası ni mafupi ya kutembea. Vaa viatu kwa ajili ya viumbe wenye miiba, na kama kuna katazo la kuvuka kwa sababu ya uchimbaji, liheshimu. Kwenye mikahawa ya samaki bei huwa kwa kilo: chagua samaki, apimwe mbele yako, utajiwe jumla, ndipo apikwe. Ukitaka nyama, agiza *çökertme kebabı*, chakula cha Bodrum hasa, chenye nyama juu ya viazi vyembamba vya kukaanga na mtindi.

Kisiwa cha Kos, Ugiriki, kiko karibu mno na feri ni nyingi, lakini huko ni nchi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Na hata ukiwa na viza ya huko, soma viza yako ya Uturuki: kama ni ya kuingia mara moja, ukishavuka imekwisha, na mizigo yako itabaki hotelini Bodrum.

Kwenye mashine ya kutolea pesa, ikikuuliza ukatwe kwa lira au kwa sarafu ya nchi yako, bonyeza lira. Kiwango cha kubadilishia cha mashine huwa kibaya kuliko cha benki yako.