Somo: Pima sarafu kwanza, lenzi baadaye

Tangu kikao chetu cha wakusanya sarafu pale Ngamiani, Tanga, wanachama wengi wamekuwa wakiniuliza wanunue kamera gani ya kupigia picha sarafu zao. Mimi nawaambia waanze na rula.

Hatua ya 1: Pima. Rupia ya fedha ya Mjerumani, ile ya Kaizari Wilhelm II mwenye kofia ya vita, ina upana wa karibu milimita 30. Heller 1, iliyotuachia neno hela, ina karibu milimita 20. Sasa itazame sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina sensa ya kadiri iitwayo APS-C, ambayo upande wake mfupi ni kama milimita 15. Gawanya 15 kwa 30, unapata nusu. Yaani rupia itajaa kwenye picha lenzi ikifika uwiano wa 1:2, yaani taswira inayoangukia sensa iwe nusu ya ukubwa wa sarafu yenyewe. Heller inadai robo tatu. Sensa kubwa ya milimita 24 kwa 36 inadai zaidi: kwa rupia ileile ni 0.8. Kwa hiyo mpiga sarafu hana sababu ya kuuza mbuzi apate kamera ya sensa kubwa.

Hatua ya 2: Lenzi. Fedha yako iishie hapa. Tafuta lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inayofika 1:1, na ukiweza iwe ya milimita 90 hadi 105 (huo ni urefu wa fokasi, umeandikwa kwenye lenzi). Za 50 au 60 zinapiga vizuri pia, ila zinakulazimisha kuisogelea sarafu mpaka taa zinakosa pa kupita.

Neno "makro" ubavuni mwa lenzi ya zumu lisikuhadae. Mimi niliuziwa moja hivyo, muuzaji akiniapia; nyumbani nikakuta inaishia 1:4. Rupia ilichukua nusu tu ya kimo cha picha, na mikwaruzo niliyotaka kuionyesha ikapotea. Nililala na uchungu siku ile. Uliza uwiano kabla ya kutoa fedha.

Kama mfuko haujaruhusu, nunua pete za kurefusha lenzi, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakupa nusu, na rupia inaenea. Chagua zenye miguso ya umeme, vinginevyo lenzi nyingi za kisasa hazitakubali kubadilisha tundu, yaani uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga.

Hatua ya 3: Stendi. Kamera itazame chini wima kabisa. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu. Ukiiona lenzi katikati ya picha, umenyooka. Zima feni, weka taimu ya sekunde 2. Kwangu lori likipita meza hutetemeka, ndiyo maana napiga baada ya swala ya alfajiri, mtaa ukiwa bado kimya.

Hatua ya 4: Mwanga. Achana na flashi ya juu ya kamera. Taa mbili za mezani za LED, za aina moja, zikae penye saa nne na saa nane (penye namba 10 na 2), kana kwamba sarafu ni uso wa saa. Ukiziinua karibu na lenzi, mng'aro wa fedha unatoka. Ukizishusha, vivuli vinaonyesha palipochakaa. Chezea hapo kwa saa nzima, hutajuta. Tundu la lenzi liweke f/8, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iwe 100.

Maswali ya wanachama

*Pangani: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu.*
Marahaba mwanangu. Usiisogeze mpaka ikagubika sarafu kwa kivuli chake. Iegemeze juu ya vitabu, tumia lenzi yake ya kuvuta kama ipo, kisha kata pembeni. Taa ni zilezile.

*Muheza: Kaka, niisugue kwa ndimu na majivu kwanza ing'ae?*
Hapana dada yangu, nakusihi. Asidi inakula uso wa shaba, majivu yanaukwaruza, na thamani ikishuka hairudi. Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mpira, basi.

*Bagamoyo: Senti ya tundu ya Afrika Mashariki inanisumbua, kitambaa kinaonekana kwenye tundu.*
Ilaze juu ya kipande cha kioo safi, kioo ukiinue sentimita 10 hivi juu ya kitambaa cheusi. Nyuzi hazitaonekana tena, tundu litabaki jeusi tii. Kioo kikirudisha mwanga wa taa, zishushe kidogo.

*Raskazone: Lenzi yangu ya mtumba ina utando kama wa buibui ndani.*
Hiyo ni fangasi, ndugu yangu, na unyevu wa huku pwani unaipenda. Mpelekee fundi mapema, kwa sababu ikikaa inachimba kioo. Nyingine zihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vikishalowa unyevu, vibadilishe. Mkoba wa ngozi usiutumie kuhifadhia.